AHMAD BIN MAJID: MWALIMU WA BAHARI ALIYEIJUA HESABU YA NYOTA

Ndugu msomaji, ukiwa Chitete, makao makuu ya Wilaya ya Momba katika Mkoa wa Songwe, toka nje usiku usio na mwezi. Simama mahali pamoja, uchague nyota moja iliyo karibu kufichwa na paa la nyumba, kisha utazame saa yako mara nyota ile inapotoweka. Kesho usiku simama pale pale, uitazame nyota ile ile. Utaona ya kuwa imetangulia. Itafichwa na paa karibu dakika 4 kabla ya saa ya jana. Kesho kutwa itatangulia dakika 8, na baada ya siku 15 itakuwa imetangulia saa nzima. Saa yako haikuharibika, wala nyota haikupotea njia yake.

Dakika hizi 4 ni kitu kidogo kwa mtu aliyelala kitandani mwake. Lakini kwa muda wa karne nyingi roho za watu waliosafiri baina ya Arabuni, Bara Hindi na pwani yetu ya Afrika Mashariki zilitegemea kujulikana kwake. Leo napenda kukueleza maisha ya mtu aliyeijua hesabu hiyo kuliko wengi wa zama zake, akaiandika ili wengine wasizame. Naye ni Shihabuddin Ahmad bin Majid, ambaye vitabu humwita kwa kifupi Ibn Majid. Jina lake si geni mashuleni. Lakini mara nyingi hutajwa kwa jambo ambalo hakulifanya, na lile alilolifanya kwa kweli huachwa bila kutajwa. Kwa hiyo yafaa tumweleze kwa haki.

KUZALIWA NA MALEZI YAKE

Ibn Majid alizaliwa katika nusu ya kwanza ya karne ya 15 katika bandari ya Julfar, mahali ambapo leo ni Ras al-Khaimah katika Falme za Kiarabu. Kazi ya bahari aliirithi. Babu yake alikuwa rubani, na baba yake vile vile. Baba yake alisifika hasa kwa kuijua Bahari ya Shamu, bahari nyembamba yenye miamba pande zote mbili, hata akaitwa rubani wa pwani mbili. Alitunga utenzi wa beti zaidi ya 1000 juu ya njia za bahari hiyo, ili mabaharia waweze kuzikumbuka kwa moyo bila kufungua kitabu katika mawimbi.

Mtu wa kazi hii aliitwa kwa Kiarabu muallim, na neno hilo ndilo asili ya neno letu mwalimu. Yeye si mwenye chombo wala si mwenye bidhaa, bali ni mwenye elimu ya njia. Mfanyabiashara akikosea bei hupata hasara ya mali, nayo mali huweza kurudi. Mwalimu wa chombo akikosea hesabu huwapoteza watu wote waliomwamini.

Kijana Ibn Majid alijifunza kwa baba yake, kisha akasafiri mwenyewe kwa miaka mingi. Katika safari hizo aliona ya kuwa baadhi ya yale aliyoyapokea kwa wazee wake yalikuwa na makosa. Hakuyanyamazia makosa hayo kwa kisingizio cha adabu, wala hakumvunjia baba yake heshima kwa sababu yake. Aliyasahihisha, akaeleza wazi ya kuwa ameyasahihisha kwa kujaribu baharini. Hivyo ndivyo alivyowatendea pia marubani watatu mashuhuri wa kale, Muhammad bin Shadhan, Sahl bin Aban na Layth bin Kahlan, walioitwa simba wa bahari. Aliwataja kwa heshima, akajihesabu kuwa yeye ni wa nne baada yao. Lakini alisema pia kwamba wao walikuwa wakusanyaji wa habari zaidi kuliko kuwa wajaribuji, na kwamba elimu isiyojaribiwa haifai kukabidhiwa roho za watu.

Mwaka 1462, yaani mwaka 866 Hijria, alimaliza utenzi wake mrefu juu ya misingi ya elimu ya bahari. Baadaye, karibu na mwaka 1490, akiwa mtu mzima aliyekwisha onja bahari kwa miongo mingi, alitoa kitabu chake kikubwa cha nathari kiitwacho Kitab al-Fawaid, yaani Kitabu cha Faida, chenye sura 12. Humo alieleza nyota, dira, pepo, misimu, visiwa na njia. Aliandika pia utenzi juu ya kuipata Kibla katika nchi mbalimbali za dunia, maana aliona ya kuwa elimu inayomfikisha mtu bandarini ndiyo hiyo hiyo inayomwelekeza katika sala yake.

HESABU MBILI ZA MZUNGUKO MMOJA

Kabla ya kuendelea na maisha yake, ndugu msomaji, yafaa tufahamu zile dakika 4 zinatoka wapi, kwani bila kuzifahamu hatuwezi kuuona ukubwa wa kazi yake.

Washa moto uwanjani, kisha uzunguke moto huo mara moja huku uso wako ukiuelekea wakati wote. Kwa upande wa moto, wewe hukugeuka hata kidogo, kwa kuwa haukuona kisogo chako. Lakini vilima vilivyo mbali vinashuhudia jambo lingine. Mwanzoni uso wako ulielekea vilima vya mashariki, kisha vya kaskazini, kisha vya magharibi, kisha vya kusini, mpaka ukarudi ulipoanzia. Kwa upande wa vilima umegeuka mara moja kamili. Basi kila anayezunguka kitu na huku anajizungusha kwa upande ule ule, hesabu yake kwa vitu vya mbali huzidi kwa mmoja hesabu yake kwa kitu anachokizunguka.

Moto ni Jua, vilima ni nyota, na mwenye kuzunguka ni Dunia yetu. Dunia hujizungusha katika mhimili wake, na huku inalizunguka Jua. Kwa mwaka mmoja Jua linatuhesabia siku 365 na karibu robo. Nyota zinatuhesabia mizunguko 366 na karibu robo. Mzunguko mmoja umezidi, na mzunguko huo hauji kwa siku moja, bali umegawanywa sawasawa katika mwaka mzima. Chukua dakika 1440 za siku moja, uzigawanye kwa mizunguko 366 na robo, utapata dakika 3 na sekunde 56 hivi. Hizo ndizo dakika zako 4 za pale Chitete. Dunia hutimiza mzunguko wake kwa kupimwa na nyota katika saa 23, dakika 56 na sekunde 4. Lakini wakati huo imekwisha kusogea katika njia yake, kwa hiyo inalazimika kugeuka kidogo zaidi ili ilielekee Jua tena, nasi tunapata siku ya saa 24.

Haba na haba hujaza kibaba. Dakika 4 kila siku hufanya saa 2 kila mwezi, saa 6 kwa miezi 3, na siku nzima kwa mwaka. Ndiyo maana Kilimia, kundi lile la nyota ambalo wakulima wetu waliliita hivyo kwa sababu ya kulima, huonekana mashariki giza linapoingia katika mwezi wa Novemba, wakati mvua za Songwe zinapokaribia. Lakini mwezi wa Juni utalazimika kuamka alfajiri ili kulitazama likichomoza.

Ibn Majid hakuamini ya kuwa Dunia inajizungusha. Kama wataalamu karibu wote wa zama zake, yeye alishika kwamba mbingu ndiyo inayozunguka. Kitabu cha Copernicus kilichoeleza kuzunguka kwa Dunia kilitoka mwaka 1543, na Foucault alipowaonyesha watu wa Paris mzunguko huo kwa pendulo yake ulikuwa mwaka 1851. Hata hivyo vipimo vya Ibn Majid havikuharibika kwa sababu hiyo. Abiria aliye katika gari na mtu aliyesimama kando ya njia wanaweza kubishana ni nani aliyesogea, lakini idadi ya mita baina yao ni moja.

VITUO 28 NA SIKU 13

Marubani wa wakati ule hawakuwa na saa za kuhesabu dakika. Walitumia vituo 28 vya mwezi, ambavyo Waarabu waliviita manzili, navyo vimeashiriwa katika Kurani Tukufu. Kila kituo kina nyota zake, na Thuraya, ambayo ndiyo Kilimia chetu, ni cha tatu. Mtu aliyevijua vituo hivi kwa majina na kwa sura aliweza kuinua macho usiku wa manane na kusema ni kituo gani kiko juu ya kichwa, ni kipi kinachomoza na ni kipi kinatua. Mbingu yote ilikuwa saa yake.

Wazee walikuta kwamba kila siku 13 kituo kipya huanza kuonekana mashariki kabla ya kupambazuka. Vituo 28 kwa siku 13 ni siku 364. Kituo kimoja wakakiongezea siku moja, zikatimia 365. Sasa wewe uhakikishe hesabu hii kwa vipimo vya leo. Zidisha dakika 3 na sekunde 56 kwa siku 13, utapata dakika 51. Kisha gawanya siku ya saa 24 kwa 28, utapata pia dakika 51 na sehemu ndogo. Watu wale, bila saa ya mkononi, waliupima mzunguko wa Dunia kwa nyota na kuupambanisha na mzunguko wake kwa Jua, nao hawakukosea.

Faida ya jambo hili ilikuwa kuzijua pepo. Mwaka wa Hijria ni wa mwezi, nao una siku 354 au 355. Kwa hiyo Ramadhani hupita katika majira yote, nayo ni rehema kwa wafungao. Lakini kusi na kaskazi hazifuati mwezi, bali hufuata Jua. Kwa sababu hiyo Ibn Majid aliandika tarehe za safari kwa siku za Nairuzi, ule mwaka wa siku 365 ambao hata watu wa Makunduchi kule Unguja wanaendelea kuusherehekea kwa Mwaka Kogwa katika mwezi wa Julai. Katika siku za Ibn Majid Nairuzi ilianza mwezi wa Novemba. Imehama kwa sababu haina siku ya kuongeza kila baada ya miaka 4, hivyo husogea siku moja. Rubani mwenye kuzitazama nyota aliweza kulitambua kosa hilo. Aliyeshika tarehe tu bila kutazama juu, siku moja angeng'oa nanga wakati bahari imefungwa na kusi kali.

NYOTA ISIYOTULIA

Sasa tunafika mahali ambapo elimu hii ilikuwa uhai na mauti.

Ili kujua amefika wapi baina ya kaskazini na kusini, rubani alipima kimo cha nyota juu ya upeo wa bahari kwa vibao vya mti alivyovishika mbele ya jicho. Kipimo chake kiliitwa isba, yaani kidole. Ibn Majid aligawa duara la mbingu katika vidole 224, yaani vidole 8 kwa kila kituo kati ya vile 28. Kidole kimoja basi ni kiasi cha nyuzi moja na sehemu 6 za kumi, na kwa safari ya kaskazini au kusini ni karibu kilomita 178.

Nyota iliyopendwa zaidi kwa kazi hiyo ni Nyota ya Kaskazini, ambayo Waarabu waliiita Jah. Watu wengi hudhani kwamba nyota hiyo haiondoki mahali pake. Leo dhana hiyo si mbali na kweli. Lakini mhimili wa Dunia hubadili mwelekeo wake polepole katika muda wa miaka 26,000 hivi, na katika siku za Ibn Majid nyota hiyo ilikuwa mbali na ncha ya mbingu kwa kiasi cha nyuzi 3 na nusu. Ilizunguka ncha hiyo katika kila mzunguko mmoja wa mbingu, mara ikiwa juu yake, mara chini yake, mara ubavuni. Tofauti ya kimo chake cha juu na cha chini ilikuwa nyuzi 7, yaani zaidi ya vidole 4.

Fikiri, ndugu msomaji. Rubani yuko katikati ya bahari, bila pwani upande wowote. Anapima nyota na kupata kimo fulani. Kama haijui nyota iko upande gani wa duara lake, basi hajui alipo. Kosa la nyuzi 3 na nusu ni kosa la kilomita karibu 390. Badala ya kuingia bandarini, anaingia katika miamba, au anapita kisiwa chenye maji ya kunywa bila kukiona.

Je, angeweza kusema kwamba jana nyota ilikuwa juu kabisa katika saa fulani ya usiku, basi na leo itakuwa juu katika saa ile ile? Kwa siku moja asingeona kosa kubwa. Lakini akiendelea kulitegemea Jua hivyo kwa miezi 3, nyota itakuwa imetangulia saa 6, nayo ni robo nzima ya mzunguko. Ile aliyoidhani iko juu ya ncha itakuwa imeshuka ubavuni. Kwa hiyo aliyechanganya mzunguko wa Jua na mzunguko wa nyota alikuwa anajichimbia kaburi taratibu, dakika 4 kila usiku.

Dawa yake iliitwa bashi, nayo ni masahihisho ya kuongeza au kupunguza katika kimo kilichopimwa. Ibn Majid alieleza kwa kila kituo cha mwezi kinapofika katikati ya mbingu Nyota ya Kaskazini huwa wapi, na rubani apunguze au aongeze kiasi gani. Hapo hakuna haja ya Jua. Nyota moja inapimwa, na nyota nyingine ndizo zinazoeleza saa yake. Hii ndiyo hazina aliyowaachia mabaharia, nayo aliikusanya kwa kukesha usiku baada ya usiku. Alimtaka mwalimu wa chombo awe mcha Mungu, mwenye subira, asiyelala ovyo, asiyewadhulumu abiria, na asiyeacha kukagua chombo chake kabla ya safari.

IBN MAJID NA PWANI YETU

Miongoni mwa kazi zake imo al-Sufaliya, utenzi unaoeleza njia ya kwenda Sofala, bandari ya dhahabu iliyo sasa katika Msumbiji. Njia hiyo hupita katika pwani yetu, nayo bandari zetu zinatajwa humo. Utenzi huo ulisahauliwa kwa muda mrefu. Nakala yake ilikuwa imehifadhiwa Leningrad, na mtaalamu wa Kirusi Shumovsky, aliyekuwa amepitisha miaka mingi kifungoni katika zama za Stalin, aliuchapisha mwaka 1957 pamoja na tenzi nyingine mbili.

Ukisafiri kusini ya Ikweta, Nyota ya Kaskazini inazama chini ya upeo wa bahari. Hapo marubani walitumia nyota za Na'sh, zile saba zinazoonekana upande wa kaskazini kwa umbo la kitanda chenye mkia, na walizipima zinapofika juu kabisa. Nazo pia hufika juu dakika 4 mapema zaidi kila usiku, kwa hiyo sharti lilikuwa lile lile.

Huenda ndugu wa Chitete akauliza, sisi tulio mbali na bahari tuna fungu gani katika habari hii? Tazama ramani. Kilwa Kisiwani iko karibu nyuzi 9 kusini ya Ikweta, nayo nchi ya Momba iko karibu katika mstari huo huo. Kama Ibn Majid angeletwa Chitete usiku amefungwa macho, akapewa vibao vyake na kuonyeshwa nyota, vidole vyake vingemwambia kwamba amefika kwenye mstari wa Kilwa. Nyota zinazopita juu ya magofu ya msikiti mkuu wa Kilwa ndizo zinazopita juu ya mashamba yenu, kwa kimo karibu sawa. Tofauti ni kwamba ninyi mnazipata karibu nusu saa baadaye, kwa kuwa Dunia inahitaji muda huo ili kugeuka nyuzi 7 kutoka Kilwa mpaka kwenu.

Vibao vya Ibn Majid visingeweza kumwonyesha hizo nyuzi 7. Kimo cha nyota hueleza kaskazini na kusini tu. Umbali wa mashariki na magharibi ni suala la mzunguko wenyewe, na mzunguko hauwezi kulinganishwa baina ya mahali pawili bila saa iliyo sawa kwa wote wawili. Saa ya namna hiyo iliyoweza kustahimili bahari ilipatikana Uingereza katika karne ya 18.

Hata leo watu wa mpakani wanaishi ndani ya jambo hili. Mtu wa Tunduma akivuka mpaka na kuingia Nakonde, saa hurudi nyuma saa nzima, ingawa Jua halikusogea. Saa ya Tanzania imewekwa kwa kufuata mstari wa nyuzi 45 za mashariki, ambao unapita baharini mbali na pwani yetu. Chitete iko magharibi ya mstari huo kwa nyuzi kama 12 na nusu. Ndiyo maana saa yako inaposema saa 6 kamili za mchana Jua halijafika katikati, bali kwa wastani hufika pale karibu saa 6 na dakika 50. Basi anayesali Adhuhuri Chitete asiishike saa ya ukutani akaacha kivuli, kwa kuwa Adhuhuri huingia Jua linapopinduka.

TUHUMA ALIYOBEBESHWA

Mwaka 1498 Vasco da Gama, Mreno, alifika Malindi. Huko alipewa rubani, akang'oa nanga mwezi wa Aprili, na mwezi wa Mei akafika karibu na Calicut katika Bara Hindi. Baada ya safari hiyo ulifuata msiba mkubwa kwa pwani yetu, na mwaka 1505 Kilwa na Mombasa zilishambuliwa.

Katika nusu ya pili ya karne ya 16 mwandishi mmoja wa Makka, Qutbuddin al-Nahrawali, aliandika kwamba aliyewaonyesha Wareno njia alikuwa Ahmad bin Majid, na kwamba aliwaonyesha akiwa amelewa. Katika karne ya 20 mtaalamu wa Kifaransa Ferrand aliipa nguvu habari hiyo, na kutoka hapo ikaingia katika vitabu vya shule. Lakini waandishi wa Kireno, ambao ndio waliokuwa na habari za karibu zaidi, walimweleza rubani yule kuwa ni mtu wa Gujarat, na jina walilompa si la Ibn Majid. Wakati huo Ibn Majid mwenyewe alikuwa mzee. Kwa sababu hizi wataalamu waliozichunguza habari hizo, akiwemo Tibbetts aliyekifasiri Kitabu cha Faida kwa Kiingereza mwaka 1971, wameikataa tuhuma hiyo.

Ona jinsi hali ilivyogeuka. Mtu aliyefundisha kwamba habari isipimwe kwa sikio bali kwa jaribio, yeye mwenyewe akahukumiwa kwa sikio. Kurani Tukufu inatuamuru kuipeleleza habari kabla ya kuwadhuru watu kwa kutojua, na amri hiyo haiishi kwa kufa kwa mtu. Kazi zake zenye tarehe zinafika mwaka 1500, na baada ya hapo habari zake zinakoma. Hakuwepo tena mtu wa kujitetea.

FUNZO KWETU

Ndugu msomaji, tumeona ya kuwa Mwenyezi Mungu ametupa vipimo zaidi ya kimoja. Mwezi unatupa miezi ya ibada. Jua linatupa nyakati za sala na majira ya mvua. Nyota zinatupa mzunguko wa Dunia wenyewe, ulio karibu kutobadilika. Jua la adhuhuri hutangulia na kukawia mpaka kiasi cha robo saa katika mwaka, lakini nyota hurudi kila siku kwa muda ule ule. Hata leo wanaopima mzunguko wa Dunia kwa mitambo ya redio hawalielekezi Jua macho yao, bali hutazama vitu vya mbali sana angani, mbali kuliko nyota tuzionazo. Njia ni ile ile ya mwalimu wa Julfar, ijapokuwa chombo kimebadilika.

Siku 365 za Jua ni kweli, na mizunguko 366 ya nyota ni kweli. Hakuna kinachompinga mwenzake. Anayepotea ni yule anayechukua kipimo cha hiki na kukitumia kwa kile. Wengi wanaogombana katika mambo ya elimu na ya dini wangenyamaza kama kila mmoja angeuliza kwanza mwenzake anapima kwa kutazama nini.

Ibn Majid hakuacha ufalme wala mali iliyotajwa. Aliacha hesabu iliyosahihishwa, na katika kuisahihisha hakumpendelea hata baba yake mzazi. Usiku wa leo ukitoka nje pale Chitete, Kilwa au popote ulipo, tazama nyota yako inavyotangulia dakika zake 4, umkumbuke mzee huyo, na umwombee rehema badala ya kumrudishia tuhuma. Mwenyezi Mungu amrehemu, naye atujalie kuwa watu wanaopima kwanza, kisha ndipo wanaposema. Amin.